Kanzu Kumi na Mbili Zisizo na Fundo

Watu wa mtaa wa Waislamu, kule Kisangani, walimwogopa Zaina binti Alfani kwa mambo mawili: ulimi wake na sindano yake. Ulimi, kwa sababu haukuwa na breki. Sindano, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba siku moja itamshonea yeye.

Asubuhi Zaina alikuwa fundi wa watu walio hai. Cherahani yake ya mkono ilikaa barazani, juu ya meza yenye mguu mmoja uliotiwa kibao, na kazi iliyomlisha ilikuwa nguo za shule. Kaptula za bulu na blauzi za bulu, za wanafunzi wa shule moja ya ba-Frère, watawa wa Kizungu, kule juu ya site, yaani mji wa Waafrika. Hizo alizipiga mashine mara mbili, na kila mwisho wa uzi aliufunga fundo, maana mtoto wa shule hupanda ukuta, huvutana na wenzake, huteleza juu ya matako mpaka mtoni.

Sanda hakuitia kwenye mashine. Aliishona kwa mkono, mishono mirefu, bila upindo, na mwisho wa uzi aliuacha ukining'inia bila fundo. Ukiushika uzi ule kwa vidole viwili ukavuta, nguo yote inaachia. Waliomuuliza sababu aliwajibu neno moja tu: "Mufu anakwenda. Utamufunga juu ya nini?"

Alikuwa na miaka hamsini, mfupi, mkavu, na kichwa kigumu. Mkaguzi wa mbu alipokuja kupekua mitungi ya maji, Zaina alimsimamisha juani mpaka akamaliza mkono wa blauzi. Karani wa dispansari alipomwandika Zéna, alikataa dawa na kukaa pale kwenye benchi, na kikohozi chake, hadi karani akachukua kifutio. "Miye nilikuwa Zaina mbele ya wewe kuota meno," alimwambia.

Ulikuwa mwezi wa tano wa mwaka 1954 Sébastien alipofika barazani na baiskeli yake, nyuma amefunga robota la amerikani nyeupe. Sébastien alikuwa karani wa ofisi ya site, mtu wa Maniema, soksi zimevutwa hadi magotini, kalamu mbili mfukoni. Watu walisema anaongea Kifaransa hata na kuku. Mwaka ule alikuwa pia sekretari wa komite ya sikukuu.

"Bonjour, mama Zaina."

"Salaam alekum nayo ni salamu," Zaina akasema bila kuinua kichwa. "Ikala. Ile kiti ya kushoto. Ya kuume iko na musumari."

Sébastien akakaa kwenye ncha ya kiti, akalinda suruali yake. "Bon. Niko na kazi ya komite. Kanzu kumi na mbili, za vijana wa miaka kumi na ine, kumi na tano. Mu shingo uweke nakshi kidogo, kama vile kwenu munafanyaka. Nguo ndiyo ile pale."

"Kanzu? Ba-Frère wamesilimu?"

Karani akacheka, akatazama barabarani kama kuna mtu amesikia. "Hapana, mama. Iko kortèje. Fête ya miaka makumi sita tangu vita ya Waarabu ilikwisha. Wakubwa wote watakuwa juu ya jukwaa, kando ya mto. Magari yatapita moja-moja, juu ya kila gari watoto wanaonyesha histoire ya inchi. Gari ya kwanza, kijiji. Ya pili, Waarabu na fimbo, na watumwa mu minyororo. Ya tatu, Wazungu wanafika, wanakata minyororo. Alors ya ine shule, ya tano dispansari, ya sita reli."

"Minyororo ya chuma?"

"Ya karatasi. Frère Édouard aliipaka rangi ya feza."

Zaina akasimamisha gurudumu la cherahani kwa kiganja. "Kiisha kukata minyororo, gari inayofuata iko shule."

"Ndiyo."

"Mara moja?"

"Mara moja, mama. Kortèje yenyewe ni ya saa moja tu."

"Na wewe, papa yako aliitwaka nani?"

Sébastien akarekebisha miwani yake. "Asumani. Asumani wa Kasongo."

"Siku ya Idi alivaaka nini?"

Karani alisimama, akafungua kamba ya robota, akaliweka mezani. "Donc, mama, usijisumbue mingi. Shona mbio-mbio, hata kama haina nguvu. Ni nguo ya siku moja."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Zaina akabaki na lile neno. Nguo ya siku moja. Katika maisha yake yote alijua nguo moja tu ya namna hiyo.

Zaina alilelewa na nkambo wake, yaani mama wa mama yake, mwanamke aliyeitwa Safi. Jina hilo hakulipewa na wazazi. Alipewa na watu wa kanzu, wale Waarabu wa biashara ya watumwa, waliomkamata kule Yanonge, kijiji cha kando ya mto, akiwa msichana wa miaka kama kumi na miwili, siku alipokuwa anatoa samaki mitegoni. Walimwosha, wakampa kikwembe cha kujifunga, wakamwita Safi. Jina la kwanza alilijua mpaka kufa lakini hakumtajia mtu. Walimtia kamba shingoni na wengine saba, na alipofika Kisangani shingo ilikuwa imefanya kidonda. Aliuzwa kwa chumvi na nguo kwa mtu mmoja mwenye asili ya Kasongo. Mtu huyo baadaye alimwoa, akamfundisha sala, akamfundisha herufi za Kiarabu kwa kijiti mchangani, na kwa namna yake alimpenda. Safi alikuwa akieleza mambo haya yote kwa sauti moja, kidonda na mapenzi, bila kuchagua lipi la kuficha.

Kisha Bula Matari, yaani Wazungu wa serikali, wakaja, vita ikapigwa, mtu wa Kasongo akafa. Wazungu wakamwambia Safi kwamba sasa ni huru. Akachukua binti yake mdogo, ambaye ndiye mama wa Zaina, na mwanawe wa kiume aliyekuwa bado ananyonya, akashuka mto kurudi Yanonge kutafuta watu wake. Aliwapata. Aliishi nao misimu mitatu.

Ndipo wakaja askari wa Bula Matari, nguo za bulu, kofia nyekundu, fimbo za ngozi ya kiboko mkononi. Walitaka mpira, ule utomvu wa mimea ya msituni. Wanaume walipoona mpira umekwisha katika msitu wa karibu walikimbia, na askari wakakamata wanawake, wakawafungia ndani ya banda refu lisilo na dirisha hadi wanaume walete vikapu vilivyojaa. Safi alikaa mle tangu mahindi kupandwa mpaka kuvunwa. Kaka yake alileta kikapu, kikapimwa, kikaonekana pungufu. Yule mwanawe wa kiume alifia mle. Safi alipasua kikwembe chake, akachukua mwiba wa samaki na uzi wa raffia, akamshonea kama alivyoona maiti wakishonewa katika nyumba ya mtu wa Kasongo, mishono mirefu, bila fundo. Hiyo ndiyo sanda ya kwanza kupita mkononi mwake. Nyingine zote alizokuja kushona aliporudi Kisangani na binti yake, na zote alizomfundisha Zaina kushona, zilifuata ile.

Alipokuwa mzee, wajukuu walipomuuliza habari za zamani, Safi alisema tu: "Nilikamatwa mara mbili." Na kama mtoto akitaka kusikia mara moja tu, ile ya watu wa kanzu ambayo ilikuwa na mitumbwi na bunduki na pembe za tembo, Safi alimkataza. "Beba zote mbili ao acha zote mbili." Zaina alikuwa ameahidi kubeba zote mbili. Aliahidi mwaka ambao Safi alikufa, mkono wa Zaina ukiwa juu ya kile kidonda cha shingoni kilichokuwa kimegeuka kovu.

Habari ya kanzu ikazunguka mtaa kabla jua halijatua. Papa Nassoro, mkubwa wa msikiti na mtu wa ndevu zilizochanwa vizuri, akaja na fimbo yake.

"Dada Zaina, nasikia unashonea makafiri nguo ya kutuchekea."

"Bado sijakata hata kipande moja."

"Basi usikate. Wanasema wazee wetu waliuzaka watu. Uwongo mutupu! Wazee wetu walileta dini, walileta muchele, walileta muembe na nyumba ya pembe ine. Walifanya biashara."

"Biashara ya nini, papa Nassoro?"

"Ya pembe. Ya nguo."

"Nkambo yangu alikuwa pembe ao alikuwa nguo?"

Nassoro akapiga sakafu na fimbo. "Wewe ulipenda siku zote kufungua vitu vilivyofungwa! Watoto yetu wanachekwa mu masoko. Wanaitwa watoto ya wauza-watu. Nawe unataka kuwasaidia wanaocheka?"

"Walileta, na waliuza. Nilishika kovu na hii mukono." Akamwonyesha kiganja, kana kwamba kovu liko pale. "Wewe unakata mwanzo. Ba-Frère wanakata mwisho. Na nkambo yangu anabaki kipande-kipande kama nyama ya soko. Kunywa chai, papa, iko ya tangawizi."

Nassoro hakunywa. Alipofika njiani akageuka. "Mwanamuke wa kichwa ngumu!"

"Na wewe siku yako ikifika ni hiki kichwa ngumu kitakushonea!"

Nassoro akaongeza mwendo.

Siku tano Zaina hakugusa lile robota. Siku ya sita alimwona Sébastien akipita, akamwita kwa kupiga mkasi juu ya meza.

"Bado, mama? Frère Édouard ananiuliza kila siku."

"Kwanza nataka neno. Ongeza gari moja. Katikati ya ile ya kukata minyororo na ile ya shule."

"Gari ya nini?"

"Ya banda ya Yanonge. Wanawake ndani, vikapu mulangoni, askari wa Bula Matari na fimbo. Nguo zote nitashona bure. Na kwa askari hamuhitaji hata nguo mupya: ya shule iko bulu."

Sébastien alitazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Sauti yake ikashuka. "Mama, hiyo haiko mu programme."

"Iko mu Yanonge."

"Haiko mu kitabu."

"Kitabu kiliandikwa na mutu aliyekuwa ndani ya banda?"

"Mama Zaina, nisikilize. Nimeomba karatasi ya immatriculation, ya kuhesabiwa kama Muzungu. Wanakuja nyumbani kwangu, wanaangalia mpaka choo, mpaka vile bibi yangu wa ndoa, Agathe, anashika uma. Wanafungua sanduku ya chakula kuona kama tunakula lituma ya ndizi ao mukate. Nikibeba ile neno yako mbele ya Frère, imekwisha. Miaka ine ya kungoja, imekwisha." Alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Sisemi unasema uwongo. Nasema haiko mu programme."

Zaina hakumchukia. Alimwona ni mtu aliyekalia ncha ya kiti maisha yake yote.

"Bon," akasema, na hilo ndilo neno pekee la Kifaransa alilowahi kulitumia. "Jumanne uje uchukue."

Alikata kitambaa usiku na mchana, akashona kwa mkono. Majirani walishangaa kuona cherahani imefunikwa. Aliwaza hivi: ba-Frère wanataka kuwarudisha wafu barabarani kwa siku moja. Nguo ya kuwavalisha wafu kwa siku moja anaijua. Watoto ni watoto, wataivua jioni. Lakini mwenye macho atakayesimama njiani ataona kwamba hawa wanaopita si watu wa kuchekwa wala wa kusifiwa, ni maiti, na maiti huachwa ipite kwa heshima, hata kama ilikuwa ya mtu mbaya. Hakutaka zaidi ya hapo. Alitia nakshi shingoni, nzuri, kama alivyoagizwa. Kwingine kote alishona mishono mirefu, bila upindo, na kila mwisho wa uzi aliuacha ukining'inia.

Wala hakuficha. Jumanne Sébastien alikuja, akazikunjua kanzu moja-moja juu ya meza, akahesabu, akapima mikono kwa shubiri. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia mbele ya pua yake. Zaina akamngojea. Mtoto wa Asumani wa Kasongo alizikunjua zote kumi na mbili, akazikunja zote kumi na mbili, akatia sahihi kwenye daftari lake kwamba kazi ni nzuri.

"Merci, mama. Umeshona muzuri."

"Nimeshona vile inashonwaka," Zaina akasema.

Siku ya sikukuu, asubuhi, vijana kumi na wawili walikusanyika uani mwa shule kuvaa. Mwanamke aliyefagia uwanja ule aliitwa Binti, Mwislamu wa mtaa uleule, na mara nyingi alikuwa amemshikia Zaina maji wakati wa kuosha maiti za wanawake. Binti alikuwa anapita na fagio wakati kijana mrefu kupita wote, aitwaye Wenceslas, alipoingiza kichwa kwenye kanzu ya kwanza. Akaona uzi. Akasogea, akashika mahali pa upindo, akaona hakuna upindo.

Fagio likaanguka.

"Yo! Yo, mama yangu! Vua! Vua, mutoto! Hiyo iko nguo ya mufu!"

Wenceslas alitaka kuvua kwa haraka, mkono ukakwama, uzi ukavutika, na kanzu yote ikamwachia mabegani ikaanguka vipande miguuni mwake. Basi hapo hakukuwa tena na kijana wa kusemeshwa. Wakristo kwa Waislamu walikuwa wanaishi site moja, wanazikana, wanajua mambo ya kila upande. Wengine walirudi nyuma mpaka ukutani. Micheline, mama wa mmoja wao, aliyekuja kumpaka mwanawe mafuta, alimshika mtoto wake mkono akasema yeye hakuzaa mtoto wa kuvalishwa sanda akiwa anapumua, hata kama anayeomba ni Monseigneur, askofu mwenyewe.

Frère Édouard alipiga kelele, akabembeleza, akatazama saa. Bendi ya fanfare ilikuwa imekwisha kuanza kule chini. Wakubwa walikuwa jukwaani. Zilibaki dakika ishirini.

"Muende vile muko," akasema mwishoni. "Na uniforme. Muvae kofia tu, mushike fimbo. Watu wataelewa."

Vile walivyokuwa, walikuwa na uniforme ya bulu. Kofia zilikuwa nyekundu, zile ndefu zenye shada, zilizoazimwa kwenye depo ya kambi ya askari kwa kuwa zilifanana na za Waarabu. Fimbo zilikuwa za kiboko, za kweli, kwa sababu za karatasi zilipinda. Na watumwa wa gari lile, wasichana wanane na wavulana wanne, walibeba vikapu, maana pembe za tembo zilizotengenezwa kwa karatasi zilikuwa zimelowa mvua ya juzi.

Zaina alikuwa amesimama tangu alfajiri kwenye kona ya barabara ya mtoni, amejifunga kikwembe chake cha Idi, akingoja sanda zake zipite. Watu walikuwa wengi. Wa Lubunga, ng'ambo ya mto, walikuwa wamevuka na mitumbwi. Wa Yanonge waliokuwa wameleta samaki wa kukaushwa sokoni waliacha samaki wao na mtu mmoja wakaja kutazama. Gari la kijiji likapita, watu wakapiga makofi, mtoto mmoja juu yake alikuwa anatwanga kinu kitupu.

Kisha likaja gari la pili.

Juu yake walisimama vijana kumi na wawili wenye nguo za bulu na kofia nyekundu, fimbo za kiboko mkononi, na chini yao watumwa, wengi wao wasichana, wameketi wamefungwa, na vikapu.

Karibu na Zaina alikuwapo mzee mmoja wa Yanonge, kipofu wa jicho moja. Aliondoa kiko mdomoni. Hakusema kwa nguvu. "Basoda ya mupira," akasema, wale askari wa mpira. "Tazama. Basoda ya mupira wamerudi."

Mwanamke mzee kando yake akaketi chini, palepale vumbini, miguu imenyooka, kama mtu anavyoketi kwenye matanga. Mwingine akaketi. Mwanamume mmoja akavua kofia yake, na waliokuwa nyuma yake, ambao hawakuona vizuri, nao wakavua. Kimya kikatembea pamoja na gari. Kila lilipofika, waliokuwa wanacheka waliacha. Vijana waliuliza wazee kuna nini, na wazee wakaanza kuwajibu, kwa sauti ya chini, kila mmoja katika masikio ya aliye karibu naye. Zaina aliona vichwa vikiinamiana barabara nzima, hadi kwenye gati.

Jukwaani Wazungu walipiga makofi. Mama mmoja mwenye kofia ya maua alimwelekezea mwenzake minyororo ya feza, jinsi ilivyotengenezwa vizuri.

Gari la tatu lilipofika, la kukata minyororo, kundi la wanawake lililowekwa pale kupiga vigelegele halikupiga. Frère Édouard aliwapungia mkono. Walimtazama.

Zaina hakulia. Hakuwa amelipanga jambo lile na hakujidai kwamba alilipanga. Alitazama zile blauzi za bulu zikienda, moja baada ya nyingine, na alizijua zote, mpaka vifungo. Alizishona yeye. Mishono mara mbili, na fundo mwishoni.

Siku ya tatu aliitwa ofisini. Ba-Frère walikuwa wamepeleka habari, na wazazi wamelalamika, na mtu fulani jukwaani alikuwa amekwisha kuelezwa maana ya kile kimya. Mzungu wa ofisi ya site alikaa nyuma ya meza kubwa, amechoka, feni inazunguka juu ya kichwa chake. Sébastien alikaa pembeni, na mashine ya kuandika. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mzungu aliuliza, Sébastien akafasiri. Nani alimtuma? Hakuna. Papa Nassoro? Papa Nassoro hata chai yake alikataa. Kwa nini alishona vile? Zaina alieleza, toka Yanonge mpaka Yanonge, akachukua muda. Sébastien alifasiri sentensi mbili. Mzungu akatikisa kichwa, akasema neno, mashine ikalia ta-ta-ta, karatasi ikatolewa, ikawekwa mbele ya Zaina na kisahani cha wino wa dole gumba.

"Inasema nini?" Zaina akauliza.

Sébastien alisogea, akainamia karatasi kama anayemwonyesha mahali pa kutia dole. "Inasema mama muzee hakujua. Alizoea kushona sanda, mukono ukafanya yenyewe. Kwa ujinga tu. Ukitia dole, imekwisha, unarudi nyumbani. Kazi ya uniforme unabaki nayo. Nimezungumuza na Frère."

"Lakini nilijua."

"Mama, nakuomba."

"Andika: alijua."

"Nikiandika ulijua, wataniuliza miye juu ya nini nilipokea. Sahihi yangu iko mu daftari. Nilizishika, mama, na mikono yangu. Miye mutoto wa Asumani. Wataniuliza mbona sikuona."

"Mbona hukuona?"

Feni ikazunguka. Mzungu akatazama saa yake.

"Walinichukua Kasongo nikiwa na miaka saba," Sébastien akasema. "Papa alizikwa nikiwa kwa mapadri. Sikuwahi kuona sanda."

Zaina alitazama ile karatasi, mistari yake imenyooka, na ndani yake mwanamke asiyejua kitu. Akakisukuma kile kisahani cha wino pembeni.

"Yako umeandika, ibaki yako," akasema. "Nipe kalamu, niandike yangu chini."

Mzungu aliinua nyusi. Sébastien akamweleza kwamba mama anataka kutia sahihi kwa mkono. Mzungu akashangaa kidogo, akafurahi kidogo, akamkabidhi kalamu yake mwenyewe.

Zaina akainama. Herufi zile alizifundishwa na Safi mchangani, kwa kijiti, na tangu hapo hakuwa na sababu nyingi za kuziandika. Alianza kulia kwenda kushoto. Alikwenda polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kama anapotunga uzi. Aliandika mstari mmoja, hakutosheka, akaandika mwingine. Kisha akaitua kalamu.

"Hii yote ni jina lake?" Mzungu akauliza. "Ndefu."

Sébastien aliichukua karatasi. Kabla ya miaka saba, kabla ya mapadri, alikuwa amekaa kwenye mkeka wa chuo cha Kurani pamoja na watoto wengine, na mwalimu mwenye fimbo nyembamba. Midomo yake ikaanza kutikisika, herufi baada ya herufi, ikisimama, ikirudi nyuma, ikiendelea. Ilichukua muda mrefu kuliko inavyochukua kusoma jina.

Ilikuwa imeandikwa: *Safi wa Yanonge alikamatwa mara mbili. Zaina alijua.*

"Ndiyo," akamwambia Mzungu, kwa Kifaransa kizuri. "Ni jina lake, na la nkambo yake. Ni desturi yao."

Mzungu akapiga muhuri chini ya maneno yale, karatasi ikatiwa ndani ya faili, faili likatiwa kabatini.

Kazi ya uniforme ilikwenda kwa fundi mwingine mwaka huohuo, ujinga au si ujinga. Zaina aliishi kwa kushona mito na vikwembe vya maharusi, na hakumlalamikia mtu. Kabla ya mwisho wa mwezi Sébastien alikuja tena na baiskeli yake, nyuma amefunga lile robota: kanzu kumi na moja nzima, na ya kumi na mbili vipande. Komite haikujua zipelekwe wapi. Safari hii alikaa kwenye kiti chote, mpaka mgongo ukagusa, akanywa chai. Hakusema mengi.

Alipoondoka, Zaina alichukua vile vipande vya ile ya kumi na mbili, akaviunga upya kwa mkono, akauacha uzi ukining'inia, akazipanga zote sandukuni pamoja na karafuu maiti na ubani wa siku yake. Zilikuwa nyembamba, lakini yeye naye alikuwa mwembamba.